Masharti ya Hati na Nyumba ya Uzeeni: Namna ya Kuyasimamia kwa Haki

Mtumishi wa umma nchini Tanzania kwa kawaida anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na umri wa miaka 55, na hustaafu kwa lazima atimizapo miaka 60. Kwa wengi, mafao ya mkupuo ndiyo fedha kubwa ya mwisho kupokewa kwa pamoja maishani, na sehemu yake kubwa huishia kwenye kiwanja, matofali na mabati. Nyumba hiyo huwa ni makazi, akiba na urithi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ilani ya kukiuka masharti ya hati inapobandikwa mlangoni mwa mstaafu huwa na uzito mkubwa. Kijana aliyekosea katika ujenzi anaweza kuanza upya, lakini mzee wa miaka 70 mara nyingi hana fedha wala muda wa kuanza tena.

Hata hivyo, masharti hayohayo ndiyo yanayomlinda mzee huyo. Yanazuia jirani kufungua gereji chini ya dirisha lake, kuziba njia ya maji ya mvua au kugeuza nyumba ya kuishi kuwa ukumbi wa muziki. Makala haya yanaeleza masharti ya hati ni nini, nani mwenye mamlaka ya kuyasimamia, hatua zipi hufuatwa yanapokiukwa, na misingi inayoufanya usimamizi huo uwe wa haki. Mifano imechukuliwa katika mazingira ya Kata ya Ulaya na Mji Mdogo wa Mikumi, Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro.

Masharti ya hati ni nini

Ardhi yote nchini Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwananchi hapewi ardhi yenyewe moja kwa moja. Hupewa haki ya kuimiliki na kuitumia kwa muda maalumu, usiozidi miaka 99 kwa hati zinazotolewa chini ya Sheria ya Ardhi, Sura ya 113. Sheria hiyo, iliyotungwa mwaka 1999 na kuanza kutumika mwaka 2001, inaweka katika kifungu cha 34 masharti yanayoambatana na kila haki ya kumiliki ardhi. Masharti mengine huandikwa ndani ya hati husika.

Kwa kiwanja cha makazi, masharti ya kawaida humtaka mmiliki kulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka, kutunza alama za mipaka, kujenga kwa kibali cha mamlaka ya mipango, kukamilisha ujenzi ndani ya muda uliotajwa, ambao katika hati nyingi ni miezi 36, na kukitumia kiwanja kwa matumizi yaliyoandikwa tu. Kodi ya pango la ardhi isichanganywe na kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Mstaafu anayekatwa kodi ya majengo kwenye LUKU huweza kuamini kuwa amemaliza wajibu wake wote, kumbe pango la ardhi linaendelea kulimbikizwa pamoja na adhabu ya kuchelewa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba masharti haya yanahusu matumizi ya ardhi. Hayahusu kabila, dini, kipato wala umri wa mmiliki. Mstaafu hana masharti mepesi kuliko jirani yake kijana, wala hana masharti mazito zaidi.

Ulaya na Mikumi: mwananchi mmoja, taratibu mbili

Kata ya Ulaya ipo katika barabara inayounganisha mji wa Kilosa na Mikumi. Vijiji vyake, vikiwemo Ulaya Kibaoni na Ulaya Mbuyuni, vina mashamba, makazi na misitu inayosimamiwa na wanakijiji. Ardhi hiyo huongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114, na msimamizi wake ni halmashauri ya kijiji. Mwananchi hupewa hatimiliki ya kimila, na masharti yake hutokana na sheria hiyo, mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, sheria ndogo na desturi za eneo.

Mikumi iko katika barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Iringa na imepakana na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Huko kuna maeneo ya mji yenye viwanja vilivyopimwa. Mwenye kiwanja hicho hushughulika na ofisi ya ardhi ya halmashauri ya wilaya, Kamishna Msaidizi wa Ardhi wa mkoa na, hatimaye, Kamishna wa Ardhi.

Mstaafu mmoja anaweza kuwa na shamba la ukoo Ulaya kwa hatimiliki ya kimila, na wakati huohuo akawa na kiwanja cha makazi Mikumi chenye hati iliyotolewa na Kamishna. Akikiuka masharti ya shamba, atashughulikiwa na halmashauri ya kijiji. Akikiuka masharti ya kiwanja, mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji hana mamlaka ya kumtoza faini wala kumnyang'anya. Migogoro mingi hukuzwa na watu kutofahamu tofauti hii: ofisi isiyohusika hutoa amri, mwananchi hukataa kutii, na ukiukaji uliokuwa mdogo hugeuka uhasama wa miaka.

Kwa nini usawa ni sehemu ya sheria yenyewe

Masharti ya ujenzi na matumizi ya ardhi yana historia yenye doa katika Afrika Mashariki. Kanuni ya ujenzi ya mwaka 1891 jijini Dar es Salaam, wakati wa utawala wa Wajerumani, iligawa mji kwa kutumia viwango vya majengo. Sehemu moja ilitengewa nyumba za mtindo wa Kizungu, na nyumba za udongo na makuti zikapelekwa pembeni. Maandishi yalitaja aina ya jengo, lakini matokeo yake yalikuwa kutenganisha watu. Mgawanyo wa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini uliendelezwa chini ya Waingereza na athari zake bado zinaonekana katika ramani ya jiji.

Funzo la historia hiyo ni kwamba sharti linaweza kuandikwa bila kumtaja mtu yeyote, kisha likatumika dhidi ya watu fulani tu. Kwa hiyo haki hupimwa kwa maneno ya sharti na pia kwa namna linavyotekelezwa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Ibara ya 13, inataja usawa mbele ya sheria na haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wa mtu vinapoamuliwa. Ibara ya 24 inalinda haki ya kumiliki mali na kukataza mtu kunyang'anywa mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake, lililoamuliwa katika miaka ya 1990, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa haki ya kimila ya kutumia ardhi nayo ni mali inayolindwa na Katiba. Ulinzi huo unamhusu mwenye shamba Ulaya sawasawa na mwenye kiwanja Mikumi.

Hatua zinazofuatwa kwa ardhi yenye hati

Sheria ya Ardhi haimruhusu afisa kuruka kutoka kwenye ukiukaji hadi kwenye ufutaji wa milki. Kamishna wa Ardhi hutakiwa kwanza kupima mambo matatu: aina na uzito wa ukiukaji na iwapo unaweza kusamehewa, mazingira yaliyomfanya mmiliki akiuke, na iwapo sharti lenyewe linaweza kurekebishwa ili ukiukaji usiwepo tena. Akiona kuna haja ya kuendelea, humpelekea mmiliki barua ya onyo inayomweleza kuwa amekiuka sharti.

Mambo hayo matatu yana maana kubwa kwa mstaafu. Chukua mfano wa mwalimu aliyepata kiwanja Mikumi akiwa bado kazini, kikiwa na sharti la kukamilisha nyumba ndani ya miezi 36. Msingi umejengwa, kuta zimefika kwenye lenta, kisha ujenzi ukasimama kwa sababu ya maradhi au kuchelewa kwa fedha. Muda umepita na sharti limekiukwa. Lakini kiwanja hakijatelekezwa, mmiliki yupo, na hakuna jirani aliyedhurika. Hapa maombi ya kuongezewa muda, yakiambatana na vielelezo, yanaendana na kile ambacho sheria inamtaka Kamishna akipime. Hali ni tofauti kwa mtu aliyechukua viwanja kadhaa na kuviacha vichaka akisubiri bei ipande. Sharti ni lilelile, ila mazingira hayafanani, na sheria inaruhusu tofauti hiyo izingatiwe.

Hatua zinazoweza kufuata onyo ni faini, amri ya kurekebisha ukiukaji ndani ya muda maalumu na, mwisho kabisa, kuanza taratibu za kufuta milki. Mwenye mamlaka ya kufuta ni Rais peke yake, na kifungu cha 45 kinasema hafuti isipokuwa kwa sababu ya msingi. Miongoni mwa sababu hizo ni kuvunja masharti ya hati, kuitelekeza ardhi kwa muda usiopungua miaka miwili, na jaribio la kumhamishia milki mtu asiye raia kinyume cha sheria. Mmiliki hupewa ilani ya siku 90 kabla ya ufutaji kuanza kufanya kazi. Milki inapofutwa, maendelezo aliyoyafanya kwa kufuata masharti hulipiwa fidia baada ya kukatwa madeni ya kodi na faini. Nyongeza iliyojengwa bila kibali hukosa ulinzi huo.

Hatua zinazofuatwa kwa ardhi ya kijiji

Sheria ya Ardhi ya Vijiji nayo inafuata ngazi. Halmashauri ya kijiji inaweza kutoa onyo, faini, amri ya usimamizi, au kumkabidhi mtu mwingine ardhi kwa muda, kabla ya kufikia hatua ya kufuta haki ya kimila. Ugawaji wa ardhi ya kijiji huhitaji ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti au mtendaji wa kijiji hawezi, kwa uamuzi wake binafsi, kumpa mtu mwingine shamba la mzee kwa madai kuwa limekaa bila kulimwa.

Suala la kutelekeza ardhi linawagusa sana wastaafu. Mtu aliyefanya kazi Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza kwa miaka 30 anaporejea Ulaya anaweza kukuta shamba lake linalimwa na wengine. Sheria inaruhusu ardhi ya kijiji itangazwe kuwa imetelekezwa endapo haikutumiwa kwa muda usiopungua miaka mitano. Tangazo hilo halijitokezi lenyewe kwa sababu miaka imepita. Halmashauri ya kijiji hutakiwa kutoa taarifa, kumpa mwenye haki nafasi ya kueleza kwa nini ardhi isitangazwe hivyo, na kuzingatia desturi ya eneo kuhusu kupumzisha ardhi. Kwa upande wa mmiliki, ndugu anayelima shamba hilo kwa makubaliano yaliyoandikwa na kujulikana kijijini ni ushahidi mzuri kuwa ardhi haikuachwa.

Misingi ya usimamizi wa haki

*Sharti lijulikane kabla ya kutekelezwa.* Hati nyingi zimeandikwa kwa lugha ya kisheria, na baadhi zilitolewa kwa Kiingereza. Ni wajibu wa mmiliki kusoma, na ni wajibu wa ofisi kumfafanulia. Ilani isiyotaja sharti lililovunjwa, tarehe ya ukaguzi na kinachotakiwa kurekebishwa haimsaidii mtu kutii. Alama ya X iliyochorwa ukutani haiwezi kueleza hayo yote, hivyo inapaswa kuambatana na maelezo ya maandishi.

*Wenye kosa moja washughulikiwe kwa namna moja.* Tuseme katika mtaa wa makazi kuna nyumba sita zilizofungua maduka barazani bila kubadilishiwa matumizi. Afisa anayemwandikia ilani mjane mmoja na kuwaacha watano hajasimamia sharti, amemchagua mtu. Usimamizi wa haki huanza na ukaguzi wa mtaa mzima, orodha ya ukiukaji wote na kigezo kilichoandikwa cha kipi kitashughulikiwa kwanza. Kigezo kinachokubalika kwa urahisi ni madhara: moshi, kelele za usiku, maji taka, hatari ya moto na kuziba njia hutangulizwa mbele ya genge la nyanya linalofungwa jua likizama.

*Tarehe ya ujenzi iangaliwe.* Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatoa mfano unaofahamika na wakazi wa kando ya barabara kuu. Sheria hiyo ilipanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Aliyejenga kihalali kati ya vipimo hivyo viwili kabla ya sheria hiyo hustahili fidia anapotakiwa kupisha, wakati aliyevamia hifadhi hastahili. Msingi huo unafaa pia katika masharti ya mitaa: sharti jipya lisimgeuze mkosaji mtu aliyefuata sharti la zamani.

*Sharti la usalama lisilegezwe kwa huruma.* Mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 yaliwaacha wakazi wengi wa Kilosa bila makazi na kuharibu reli ya kati. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Kumruhusu mzee abaki ndani ya eneo hilo kwa kumwonea huruma ni kumweka katika hatari ambayo hataweza kuikimbia usiku wa mvua. Haki kwake ni kuelezwa mapema, kupewa muda wa kuhama na kusaidiwa kupata mahali pengine.

*Mwenye nyumba asikilizwe, na wote wenye maslahi wafikiwe.* Mzee anaweza kuwa amelazwa hospitali, haoni vizuri, au anaishi kwa mtoto wake mkoa mwingine. Ilani iliyoachwa kwa mpangaji isihesabiwe haraka kuwa imemfikia. Aidha, Sheria ya Ardhi inatambua haki sawa za wanawake katika kupata na kumiliki ardhi. Pale hati inapokuwa bado katika jina la marehemu mume, mjane anayeishi katika nyumba hiyo anapaswa kupewa taarifa na kusikilizwa. Familia nazo zinakumbushwa kukamilisha usimamizi wa mirathi na kubadilisha jina katika hati mapema.

*Hatua ilingane na kosa.* Banda la kuku lililozidi mpaka kwa nusu mita hurekebishwa kwa kulisogeza. Baa inayopiga muziki hadi alfajiri katika mtaa wa makazi huhitaji amri ya kusitisha. Kodi ya pango iliyolimbikizwa hulipwa, na mwenye hali ngumu anashauriwa kufika ofisi ya ardhi na kuomba utaratibu wa kulipa badala ya kusubiri kushtakiwa.

Makazi ya wastaafu: funzo kutoka Marekani

Katika baadhi ya nchi masharti ya hati huenda mbali zaidi na kutaja umri. Nchini Marekani, makazi ya Sun City katika jimbo la Arizona yalifunguliwa mwaka 1960 kwa ajili ya wastaafu. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1995 inaruhusu makazi ya namna hiyo kubagua kwa umri endapo angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa zina mtu mmoja mwenye umri wa miaka 55 au zaidi, na endapo kanuni hiyo inatangazwa na kufuatwa kwa vitendo. Makazi yanayodai kuwa ya wazee bila kutekeleza kanuni hupoteza haki ya kuitumia.

Jirani na Sun City kuna mji mdogo wa Youngtown, ambao ulianza na msingi huohuo katika miaka ya 1950. Katika miaka ya 1990 babu na bibi wa hapo waliandamwa kwa faini kwa sababu walimpa hifadhi mjukuu wao. Mgogoro huo ulifika kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, na mwaka 1998 zuio la umri katika mji huo likaondolewa. Sharti lililowekwa kuwapa wazee utulivu liligeuka kuwa sababu ya kuwasumbua wazee walewale.

Kwa Tanzania funzo ni la moja kwa moja, kwa kuwa wazee wengi huishi na kulea wajukuu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na inaitaja familia kuwa msingi wa matunzo yake. Kikundi cha wastaafu kinachonunua viwanja kwa pamoja na kutaka kujiwekea kanuni za utulivu, usafi na ulinzi kinaweza kufanya hivyo kwa makubaliano ya maandishi, mradi kanuni hizo haziendi kinyume na sheria za nchi. Busara inataka kanuni ziseme kelele zinakoma saa ngapi na taka zinawekwa wapi, na ziepuke kumpangia mtu ndugu wa kuishi naye.

Kwa majengo yenye nyumba nyingi zinazomilikiwa na watu tofauti, Sheria ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inaweka utaratibu wa chama cha wamiliki kinachosimamia maeneo ya pamoja na kanuni za wakazi. Katika vikundi vya aina zote, kamati inayotoa faini isiwe ndiyo inayosikiliza rufaa, na mjumbe aliyelalamika asikae katika kikao cha kuamua lalamiko lake.

Aliyepokea ilani afanye nini

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha ilani imetoka kwa mamlaka husika na inataja sharti gani. Hatua ya pili ni kuijibu kwa maandishi ndani ya muda uliotolewa, hata kama mmiliki anaona ameonewa, na kubaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Ukimya huweza kuchukuliwa kuwa mmiliki hana maelezo. Hatua ya tatu ni kuambatanisha vielelezo: risiti za kodi ya pango, kibali cha ujenzi, picha, cheti cha hospitali au barua ya kustaafu. Kama lengo ni kutumia nyumba kwa biashara, aombe kubadilishiwa matumizi ya kiwanja kabla ya kuanza kazi hiyo, ili majirani nao wapate nafasi ya kutoa maoni.

Jirani anayelalamika naye ana wajibu wake. Aandike tarehe, saa na aina ya usumbufu, azungumze kwanza na mwenzake pale inapowezekana, kisha afikishe malalamiko kwenye ofisi ya mtaa, kijiji au ardhi. Malalamiko yatokanayo na ugomvi wa mipaka au wa mirathi yasifichwe ndani ya hoja ya masharti.

Suluhu ikishindikana, Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, inaweka ngazi za kufuata. Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba wakiwemo wanawake watatu, husuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya mwaka 2021, kazi yake ni usuluhishi pekee, na usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30 shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Juu yake kuna Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Anayekusudia kuishtaki Serikali au halmashauri hutakiwa kutoa taarifa ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, na asipofanya hivyo shauri lake huweza kuondolewa bila kusikilizwa.

Wasio na uwezo wa kumlipa wakili wanaweza kutumia Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayotambua mawakili wa kujitolea na wasaidizi wa kisheria katika jamii. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imelenga kuifikisha huduma hiyo kwa wananchi wasio na uwezo.

Wajibu wa pande zote

Masharti ya hati yana nguvu pale wananchi wanapoamini kuwa yanamhusu kila mmoja. Afisa anayekagua mtaa mzima, kuandika sababu na kusikiliza kabla ya kuamua hupata utii bila kutumia nguvu. Anayechagua wa kumwandikia ilani hufundisha mtaa mzima kuwa kinachohitajika ni kufahamiana na ofisi, na baada ya hapo hata ilani halali hupuuzwa.

Wamiliki wanakumbushwa kusoma hati zao, kulipa kodi ya pango la ardhi kwa wakati, kupata kibali kabla ya kujenga na kutoa taarifa mapema wanaposhindwa kutimiza sharti. Wanaokaribia kustaafu wanashauriwa kupata taarifa za kiwanja au shamba katika ofisi ya ardhi ya halmashauri, au katika ofisi ya kijiji kwa ardhi ya kijiji, kabla ya kulilipia. Fedha za mafao zikishatumika katika ardhi yenye kasoro, kuzirejesha ni kazi ngumu kwa mtu asiye na mshahara tena.